Tupeane uzoefu: ulisimama wapi ulipopiga picha ya maghorofa?

Mleta mada, Kigoma Mjini

Ndugu wapenzi wa picha, habari za siku. Sisi wa Kigoma na Tabora hatuna maghorofa marefu ya kupiga, lakini tunaposafiri kwa masomo, matibabu au biashara, hurudi na picha za majiji. Nyingi nimezitazama kwa masikitiko, kwa sababu jengo limekatwa kichwa au limeegemea nyuma kana kwamba linaanguka. Naomba kila mwenye uzoefu aeleze jiji alilofika, mahali aliposimama na saa aliyopiga, maana naamini mahali pa kusimama pana uzito kuliko bei ya kamera.

Naanza mwenyewe. Nilikwenda Dar es Salaam nikikusudia kupiga maghorofa ya katikati ya jiji kutoka ng'ambo, Kigamboni, jua likishazama, katika ule muda mfupi ambapo taa zimewaka madirishani na anga bado lina buluu. Nilijipangia muda kama ninavyojipangia nikiwa Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, nikingoja jua lizame nyuma ya milima ya Kongo karibu saa moja ya usiku. Nilisahau kwamba ingawa saa zetu ni zilezile, Dar iko mbali mashariki mwetu, na jua la huko hutangulia la Kigoma kuzama kwa takriban dakika 40. Pantoni iliponishusha, anga lilikuwa jeusi, na picha zote zikawa vidoa vya taa visivyo na umbo la jengo. Huku kwetu karibu na ikweta jua hushuka wima, hivyo buluu ile haifiki hata nusu saa, ukichelewa, umeikosa.

Kesho yake nilivuka alfajiri. Jua lilichomoza nyuma yangu likayaangaza maghorofa usoni, na maji ya mlango wa bandari yalikuwa yametulia. Niliiweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, nikatumia ISO 100 (kiwango cha chini cha kamera kuhisi mwanga), nikaweka kipima muda cha sekunde 2 ili kidole changu kisiitikise. Picha hiyo ndiyo iliyopo ukutani kwangu.

Mchangiaji, Tabora

Nashukuru, kaka, kwa mada hii. Mimi nilisoma Nairobi, na siku ya kwanza nilipopata nafasi nilipanda juu ya KICC, jumba la mikutano la Kenyatta, jengo la ghorofa 28 lililokamilika mwaka 1973. Nilipiga picha pande zote nne kwa furaha kubwa. Nilipozitazama usiku, niligundua kwamba jengo ambalo kila mtu hulitambulia Nairobi halimo hata katika picha moja, kwa sababu nilikuwa nimesimama juu yake. Baadaye niliteremka nikaenda upande wa Uhuru Park, ambako ardhi imeinuka na miti inatangulia mbele, na hapo KICC ikasimama mahali pake kati ya wenzake. Nimesoma pia kwamba New York wapiga picha wengi hupendelea kupanda jengo la Rockefeller Center kuliko Empire State, ili Empire State yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1931, iingie kwenye picha.

Mchangiaji, Ujiji

Mimi ni mama mfanyabiashara na sina kamera zaidi ya simu. Guangzhou, China, nilisimama chini kabisa ya Canton Tower, mnara wenye takriban mita 600, nikainua simu juu, na mnara ukatoka umechongoka kama sindano iliyolala chali. Mwenzangu aliyezoea mji alinivusha Mto Zhujiang hadi ukingo wa kaskazini. Kutoka huko niliishika simu wima bila kuiinamisha, nikaiegemeza kwenye ukuta wa mto, na mnara ukanyooka. Sehemu ya chini ya picha ilijaa maji, nami sikuona hasara, kwa kuwa mvua ilikuwa imetoka kunyesha na taa zote zilikuwa zimerudiwa mtoni.

Mchangiaji, Kasulu

Nilifanya kazi ya usafi Dubai kwa miaka miwili. Burj Khalifa ina mita 828, na ukiwa kando ya chemchemi zake simu ya kawaida haiwezi kuimeza, hivyo nilikuwa nikienda mbali hadi jengo litoshe pamoja na majirani zake, kwani bila majirani urefu wake hauonekani.

Lakini picha ninayoipenda niliipiga ndani. Miezi ya baridi, alfajiri nyingine, ukungu huufunika mji, na aliye chini haoni chochote. Sisi tulikuwa tukisafisha ghorofa za juu za jengo jingine, na siku hiyo dirishani niliona ukungu mweupe umelala kama Ziwa Tanganyika lisilo na upepo, vilele vya maghorofa vikichomoza kama visiwa. Kioo kilikuwa kikirudisha taa za chumbani. Nilizima flashi, nikaibana simu kwenye kioo, nikajifunika kitambaa cheusi cha kazi, nikapiga. Mpaka leo nikiitazama, moyo hunienda mbio.

Mchangiaji, Urambo

Naomba msaada. Dar es Salaam nilizuiwa na mlinzi wa jengo moja nikiwa barabarani tu, akaniamuru nifute picha zote, nami nikafuta. Mlifanyaje ninyi?

Mleta mada, Kigoma Mjini

Pole sana, ndugu yangu. Stendi huwafanya walinzi wengi wadhani unapima jengo au unafanya kazi ya kibiashara, kwa hiyo kabla ya kuikunjua mimi humsalimu mlinzi, humwonyesha picha nilizokwisha kupiga kwingine na kumweleza ninachotaka. Akikataa, naondoka. Bandari, stesheni, madaraja na maeneo ya jeshi siyapigi kwa karibu bila kibali. Mara mbili mlinzi aliyesalimiwa vizuri ndiye aliyenielekeza ngazi ya jengo la maegesho la jirani, ambako mlango wa paa ulikuwa wazi na mwenyewe aliruhusu, na ghorofa nililolitaka likawa limesimama mbele yangu usawa wa macho.