Tupeane uzoefu: ni mgeni gani aliingia kwenye tangi lako la maji chumvi bila kualikwa?

mkazi_wa_njiro
Wakuu, habari za jioni. Sisi wafugaji wa samaki wa maji chumvi huku bara ni wa kuhesabika, kwa hiyo naomba tukusanye visa vyetu hapa: wadudu waliokuja wamejificha kwenye mawe, na jinsi mnavyowazoesha kamba na konokono wapya maji ya tangi. Naanza mwenyewe.

Nilinunua mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye viumbe ndani yake, kilo 12 hivi, kwa jamaa aliyekuwa anahama nchi. Yalikuja yamefungwa magazeti mabichi, nikayapanga kwenye tangi saa hiyo hiyo, furaha tupu. Wiki ya pili, usiku, nasikia ta! Kimya. Ta! Kama mtu anagonga kioo kwa ukucha. Nikajua kioo kinapasuka, nikamwamsha mama watoto tuandae mataulo. Asubuhi nakuta konokono wangu kapasuliwa gamba kama karanga.

Kumbe ni yule kamba mpiga ngumi. Nilimvizia siku tatu kwa tochi niliyoifunika nailoni nyekundu mpaka nikajua tundu lake. Nikatoa jiwe zima, nikalishika juu ya ndoo ya maji chumvi, nikamimina maji ya soda ndani ya tundu. Akadondoka mwenyewe, urefu wa kidole cha kati, kijani kama jani la mgomba. Sasa anaishi peke yake kwenye chombo jikoni na watoto wanampenda kuliko samaki wote. Msimshike kwa mkono, atawapasua kidole.

mama_kamba
Pole kaka. Mimi wa Moshi, na kisa changu hakina mdudu, kina ndoo.

Niliagiza kamba wasafishaji wawili kutoka Dar, wakafika salama kabisa, masharubu yote mazima. Ndoo yangu ilikuwa na maji ya kubadilisha, nikachukua nyingine pale uani, nikaisuuza, nikawaweka humo na kuanza kuwadondoshea maji ya tangi taratibu. Saa moja haikuisha, wote wamelala ubavu. Nikapima chumvi, sawa. Joto, sawa. Jioni mama mkwe akaja kuuliza ndoo yake ya mrututu iko wapi.

Wenye mashamba ya kahawa mnanielewa. Mrututu ni shaba. Samaki anaweza kuvumilia shaba kidogo, lakini kamba, konokono na matumbawe hawaiwezi. Na dawa nyingi za madoa meupe ya samaki ndani yake ni shaba hiyo hiyo, kwa hiyo msitibie samaki kwenye tangi lenye kamba. Ndoo zangu sasa zimeandikwa kwa maka peni: SAMAKI TU. Mama mkwe bado anacheka.

dogo_sakina
Mimi niliona ua dogo la kahawia limeota kwenye jiwe, mikono mirefu, linacheza na mkondo. Nikapiga picha nikaweka status! Kumbe ni aiptasia, mnyama wa jamii ya anemoni anayeenea kama gugu. Nilipojua nikalikwangua kwa wembe. Kosa. Kila kipande kilichobaki kikawa aiptasia mpya. Baada ya wiki tatu nilihesabu 31, na zimeanza kuyachoma matumbawe ya jirani.

Sasa hivi nazima pampu, navuta maji ya ndimu kwenye sirinji, nalenga mdomoni polepole kabla haijajikunyata. Tano kwa siku, sizidishi, maana ndimu nayo ni asidi. Zimebaki zile za nyuma nisizozifikia.

shemeji_wa_majengo
Minyoo yenye manyoya pembeni mnaisemaje? Mimi niliushika mmoja kwa vidole, nikawashwa siku mbili.

fundi_matangi
Shemeji, hao wengi wao ni wafagiaji, wanakula mabaki. Waache, vaa glavu. Manyoya yaliyokwama kidoleni yatoe kwa selotepu, usisugue.

@dogo_sakina usije ukashawishika kuchemsha jiwe ili umalize kazi. Kuna jamaa za matumbawe, zoanthidi, baadhi zina palitoksini, sumu kali sana, na kuna watu nje huko walilazwa na familia zao kwa kuvuta mvuke wake.

Kuhusu kuzoesha: natumia mpira wa dripu ya hospitali, mpya, wa duka la dawa, ule wenye kigurudumu cha kubana. Kwanza mfuko unaelea dakika 20 joto lilingane; Julai huku Arusha mfuko unaweza kushuka basini na baridi ya kutisha. Kisha matone mawili mpaka manne kwa sekunde. Maji yakiwa mara mbili, namwaga nusu, naendelea. Kamba saa moja na nusu, kiti cha pweza zaidi. Maji ya mfuko siyamwagi tangini. Na chumvi changanyeni na maji yaliyochujwa, ya bomba ya huku floridi yake mnaijua, tazameni meno yetu.

mama_kamba
Fundi, hapo kwenye dripu nakupinga kidogo. Inafaa mfuko wa saa mbili tatu. Basi la kutoka Tanga mpaka lipite Segera, Mombo, Same, ni kutwa nzima. Mfuko uliofungwa muda huo umejaa kabonidioksidi, maji yamekuwa na asidi, na amonia humo imepungua makali. Ukifungua tu ile hewa inatoka, asidi inashuka, amonia inakuwa sumu, halafu wewe unamdondoshea saa mbili akiwa humo humo.

Mimi namwuliza muuzaji maji yake yana chumvi kiasi gani kabla mzigo haujaondoka. Juzi aliniambia 1.020 kwa kipimo cha uzito wa maji, tangi langu 1.025. Nikaandaa ndoo yenye 1.020, mfuko ukaelea, nikafungua na kumhamisha kamba dakika hiyo hiyo. Chumvi nikaipandisha humo humo, kwenye maji safi, mpaka kesho yake.

fundi_matangi
Hapo umenishinda, dada. Nitajaribu mzigo ujao.

mkazi_wa_njiro
Nami nimepata mawe mengine, kilo 4. Safari hii yako kwenye pipa peke yake na pampu na hita, yatakaa mwezi. Jana usiku nimemulika, nimeona mikono miwili ya kahawia. Mama watoto, ndimu zimebaki?