Fundi amemaliza kazi: nani anasafisha nyumba?

Swali: Wiki iliyopita fundi alikata marumaru sebuleni kwangu, Sinza, bila kufunika chochote, na vumbi jeupe likaingia hadi ndani ya kabati la vyombo. Nilipomtaka asafishe, alijibu kwamba tulipatana bei ya kuweka marumaru tu. Je, jukumu hilo ni la nani?

Jibu: Pole sana, ndugu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, ila ugumu huwa ni kuthibitisha kilichosemwa. Kwa hiyo, kabla ya kutoa malipo ya awali, andikeni nani ananunua turubai na nani anaondoa kifusi.

Jibu: Mimi ni fundi. Kuhamisha makochi ni kazi ya mwenye nyumba, lakini anayetimua vumbi ndiye anayepaswa kulizuia, kwa kukatia nje huku akimwagia maji pale jiwe la grainda linapogusa. Vumbi hilo lina madini yaitwayo silika, ambayo hudhuru mapafu, hivyo usilifagie likiwa kavu. Lifute kwa kitambaa kibichi.

Muuliza swali: Ahsanteni. Bado ananidai shilingi 50,000, nami nitamlipa akishaondoa saruji iliyoganda mlangoni.