Ushauri: Mwongozo wa klasta ya Slurm utakaosomwa na ejenti wa AI unaandikwaje?

MzeeWaSeva:
Wakuu, salaam.

Niko kitengo cha TEHAMA kwenye taasisi moja ya utafiti. Tuna klasta ndogo ya Slurm (programu inayopanga foleni ya kazi kwenye kompyuta zilizounganishwa), nodi, yaani kompyuta, kumi na kitu, mbili zina GPU. Siku hizi watafiti hawaandiki skripti wenyewe. Wanamwasha ejenti wa AI, anayepiga amri kwa niaba yao, kwenye nodi ya kuingilia, wanamwambia "nitumie hii kazi", basi, wanaenda kunywa chai. Bosi kaniagiza niandike mwongozo ambao ejenti atausoma kabla hajagusa kitu.

Nimeandika. Nimechukua kurasa za man (maelezo rasmi ya amri) za sbatch (kutuma kazi), squeue (kuona foleni), sacct (kumbukumbu za kazi), scancel (kufuta kazi) na scontrol (kusimamia nodi) nikazibana kwenye faili moja refu kweli kweli. Amri zote anazijua, ila bado anaboronga. Juzi kazi ya mtu iliisha salama. Ejenti akapiga squeue, hakuiona, akaamua imekufa, akaituma upya. GPU zikashikiliwa usiku kucha kwa kazi ambayo majibu yake tayari yako kwenye diski.

Nini kiingie humo na nini kitoke? Nawasilisha.

KambaNyekundu:
Mkuu, mnyang'anye root (mamlaka yote ya mfumo) kwanza. Mengine baadaye.

MzeeWaSeva:
Root hana, anatumia akaunti ya mtafiti mwenyewe.

KambaNyekundu:
Sasa hapo umepona nini? Akipiga scancel -u na jina la huyo mtafiti, kazi zake zote zinaondoka kwa mpigo, hata ile iliyokimbia wiki nzima.

FundiBaraste:
Mzee, umemfundisha anachokijua tayari. Hizo kurasa za man modeli imezisoma kutuzidi mimi na wewe. Asichokijua ni klasta yako: partisheni (makundi ya nodi) zina majina gani, GPU zinaombwaje, data ikae diski ipi. Halafu kuna sehemu ambazo Slurm inafanya tofauti na mtu anavyotarajia. Andika hayo, mengine futa.

Hilo la squeue ni mfano mzuri. Usipoiambia vinginevyo, inaonyesha kazi zinazosubiri, zinazokimbia na zinazomalizia tu. Iliyokwisha haimo. Hata ukiongeza -t all, slurmctld (programu kuu inayoendesha Slurm) inaisahau baada ya MinJobAge, ambayo usipoigusa ni sekunde 300. Kwa hiyo ejenti aende sacct, tena na namba ya kazi, maana sacct bila namba inaanzia saa sita usiku wa kuamkia leo. Kazi iliyoisha jana jioni hataiona, atakuja na hitimisho lilelile. Kwenye mwongozo ningeandika hivi, neno kwa neno:

"Tuma kwa sbatch --parsable na uhifadhi namba. Kazi isipoonekana kwenye squeue, piga sacct -X -j NAMBA -o State,ExitCode. Usitume upya bila mtumiaji kukubali."

Na muda, usisahau muda. --time=24:00 ukiisoma haraka unaona saa ishirini na nne. Slurm inaona dakika 24. Saa 24 ni 24:00:00 au 1-0. Vilevile --mem=64 ni megabaiti 64, si gigabaiti. Kazi inauawa, ejenti anaanza kurekebisha kodi ya mtafiti ambayo haikuwa na ubaya wowote.

PwaniTech:
Salaam kutoka Mombasa. Sisi tunaendesha Slurm na Kubernetes (mfumo wa kuendesha kontena, amri yake ni kubectl) pamoja, na ejenti huzichanganya kwenye drain, yaani kuitoa nodi kwenye kazi. Ukiweka nodi state=drain kwa scontrol, haipokei kazi mpya, lakini zilizomo zinaachwa zimalize. kubectl drain inaanza kuzitoa pod (kontena zinazokimbia humo) pale pale. Inayokaribiana na drain ya Slurm ni kubectl cordon. Na huku Slurm, state=down inaua kazi zinazokimbia kwenye nodi hiyo.

Kwa hiyo kila amri ya hatari tuliiandikia mstari mmoja: kinachokimbia sasa hivi kitapatwa na nini? Maelezo mengine ya amri hiyo tukayatupa. Na pale penye njia ya kujaribu kwanza, itaje: sbatch --test-only, au --dry-run=server kwa kubectl.

KambaNyekundu:
Yote sawa, ila maandishi si kufuli. Mfungulie ejenti mtumiaji wake kwenye Slurm, umwekee QOS (kanuni za mipaka ya matumizi) yenye MaxSubmitJobsPerUser (idadi ya kazi) na MaxTRESPerUser (rasilimali kama GPU). Hapo scancel yake inafika kwenye kazi zake tu, na GPU hazishiki zote hata akichanganyikiwa.

MzeeWaSeva:
Nimekuelewa mkuu. Ila faili za mtafiti atazisomaje kama ni mtumiaji mwingine?

KambaNyekundu:
Folda ya mradi yenye kundi la pamoja na chmod g+s (faili mpya zirithi kundi hilo). Kwenye home za watu asiingie kabisa.

FundiBaraste:
Hapo nakubaliana na Kamba, kwa mara ya kwanza humu.

Ukimaliza kuandika, fungua ejenti mpya asiyejua lolote, mpe faili hilo peke yake, umwagize atume kazi ya saa mbili yenye GPU moja na kesho yake akuambie iliishaje. Pale atakapokwama au kubuni jina la partisheni ndipo panapotaka mstari. Asipokwama, usiongeze kitu.

PwaniTech:
Ongeza na hili: asipige squeue kila baada ya sekunde chache akisubiri. Kila squeue ni ombi kwa slurmctld, na watafiti wakiwa wengi kila mmoja na ejenti wake, klasta nzima inakuwa nzito. Kazi fupi atumie sbatch --wait, itarudi na msimbo wa kutokea wa kazi yenyewe. Ndefu, --mail-type=END,FAIL iende kwa mtafiti.

MzeeWaSeva:
Aisee, hiyo ya squeue nilikuwa najiuliza kwa nini nodi ya kuingilia inajikokota. Naanza na mtumiaji wa ejenti leo, faili nitalikata kesho. Nikikwama kwenye QOS nitarudi humu humu.