Kabati la mahogani linatoa madoa juu ya rangi nyeupe, naomba ushauri

Hamjambo wanakikundi. Nina kabati la droo la mahogani, tumeachiwa na mama mkwe, nataka liingie chumba cha binti yangu likiwa jeupe. Mbao bado ni nzima kabisa. Ya aina hiyo leo hata soko la Gikomba utaitafuta, kwa hivyo kuliuza sitaki.

Nimetoa vishikio, nikapiga msasa namba 80 kisha 120 mpaka vanishi ikaisha, nikapangusa vumbi, nikapaka rangi nyeupe ya maji. Ikikauka inatoa madoa ya hudhurungi kama chai iliyomwagika, hasa kwenye vifundo na kingo za droo. Mkono wa pili wa rangi unayaficha, kesho yake yako palepale. Muuza rangi anasema ni rangi ya mbao yenyewe inayeyushwa na maji. Fundi wa mtaani anasema ni unyevu tu, nianike juani. Mimi naelekea kukubaliana na muuza rangi.

Je, andakoti ya mafuta (rangi ya chini ya kwanza) itayazuia, au ni lazima sheliki (ile ya kuzibia madoa inayoyeyushwa kwa spiriti)? Na hii rangi iliyopo niikwangue yote, au msasa mwepesi unatosha? Tunaishi ghorofani Umoja na mtoto ana pumu, kwa hivyo harufu pia naihesabu. Asanteni.