Bonds nje, Ortiz ndani: hawa waandishi wa besiboli wanapigaje kura?

Baharia_Houston
Wakuu salama? Kuna jambo la besiboli linanikereketa na huku kazini sina wa kubishana naye, wenzangu wote ni watu wa mpira wa miguu. Barry Bonds, yule wa tuhuma za steroidi (dawa za kuongeza nguvu), ana homurani 762, yaani mipigo ya kuvusha mpira nje ya uwanja, hakuna mwingine aliyefika hapo kwenye ligi kuu ya Marekani, mwaka 2001 peke yake alipiga 73. Kakaa kwenye karatasi ya kura ya Hall of Fame, jumba la heshima la besiboli, miaka 10 yote inayoruhusiwa, 2022 ikawa mwisho wake, kapata asilimia 66 na inatakiwa 75, basi. Mwaka huohuo David Ortiz wa Boston anaingia mara ya kwanza tu kwa asilimia 77.9, na yeye pia New York Times walishamtaja 2009 kwamba yumo kwenye majina ya waliokutwa na dawa za kuongeza nguvu kwenye vipimo vya 2003. Wanaopiga kura ni waandishi wa besiboli waliokaa kwenye chama chao miaka 10 na kuendelea. Nawauliza, hawa watu tunawaamini kwa lipi? Huu ni ubaguzi wa rangi au ni vile Bonds alikuwa hawachekei waandishi?

Mwanaidi_Oakland
Kaka Baharia, rangi peke yake haitoshi kueleza hiyo, Ortiz naye ni mweusi, wa Dominican. Na mrushaji Roger Clemens, naye wa tuhuma hizohizo, ni mzungu, kakwama palepale na Bonds, 65.2, mwaka huohuo. Halafu tusiziweke kesi mbili kwenye kapu moja. Vile vipimo vya 2003 vilitakiwa viwe siri, na 2016 kamishna wa ligi, Manfred, mwenyewe alisema kwenye ile orodha kulikuwa na majibu yenye utata, kwa hiyo kumtia mtu hatiani kwa hapo tu si haki. Bonds yeye kuna sakata zima la BALCO, maabara iliyowapa wanamichezo steroidi, mkufunzi wake kaenda jela kwa kukataa kutoa ushahidi. Ni kweli hukumu ya Bonds mwenyewe ya 2011, ile ya kuzuia haki, ilifutwa 2015, na ligi haikuwahi kumfungia kwa steroidi hata mechi moja. Mimi nimemwangalia akicheza hapa ng'ambo ya daraja, San Francisco, warushaji walikuwa wanaogopa hata kumrushia, wanaona bora wampe besi ya bure. Ningempigia kura. Ila sitasema ushahidi wake na wa Ortiz ni sawa.

Mzee_wa_Likoni
Mwanangu Mwanaidi umenena vizuri lakini umewaachia waandishi wapite bila kuguswa. Turudi 1998. Wapigaji McGwire wa St. Louis na Sosa wa Chicago wanafukuzana kwa homurani, mmoja kamaliza na 70 mwingine 66, Marekani nzima imesimama. Mwezi wa nane mwandishi mmoja wa shirika la habari la AP, Steve Wilstein, akiwa kwenye chumba cha wachezaji pamoja na wenzake kaona chupa kwenye kabati la McGwire, wazi kabisa mbele ya kila mtu, akaisoma, imeandikwa androstenedione, dawa ya kujenga misuli. Akaandika. Unajua kilichofuata? Kocha wa St. Louis akataka AP wazuiwe kuingia chumbani humo, na waandishi wenziwe wakamshambulia yeye, ati anachungulia vitu vya watu, ati anaharibu starehe. Chupa ilikuwa hapo, macho wanayo, wakachagua kuandika mashairi ya mapenzi. Leo ndio hao au wanafunzi wao wanajifanya makadhi. Na Bud Selig, aliyekuwa kamishna miaka yote hiyo ya steroidi, ana bamba lake la heshima huko Cooperstown, kwenye Hall of Fame, tangu 2017! Mwenye duka kapewa heshima, aliyeuza dukani kafukuzwa. Hapo ndipo roho inaniuma hasa.

Nuru_Minneapolis
Shikamoo mzee. Naongezea la zamani zaidi. Watu wanamjua Jackie Robinson na tarehe 15 Aprili 1947, alipovunja ukuta wa rangi wa ligi kuu, wachache wanamjua Wendell Smith, mwandishi mweusi wa Pittsburgh Courier. Huyu ndiye aliyempendekeza Robinson kwa Branch Rickey, bosi wa Brooklyn Dodgers, akasafiri naye, akalala naye kwenye nyumba za watu kwa sababu hoteli za Kusini ziliwakataa wote wawili. Na kwenye mechi zenyewe ilibidi aandikie kwenye viti vya mashabiki, maana chama cha waandishi hakikumpa kadi, kadi alikuja kuipata 1948. Chama hichohicho ndicho kinachopiga kura. Robinson alipoingia 1962 alipata asilimia 77.5 tu, wapiga kura 36 kati ya 160 hawakumwandika. Robinson! Nao nyota weusi wengine, Willie Mays 1979 wakamruka 23, Hank Aaron 1982 wakamruka 9.

Na tuzo yao wenyewe ya waandishi ilikuwa inaitwa kwa jina la J.G. Taylor Spink, mhariri ambaye gazeti lake lilitetea ubaguzi wa timu mwaka 1942, jina wameliondoa 2021 tu. Kwa hiyo Baharia hujakosea kuuliza habari ya rangi, ila mahali pa kuitafuta si kwenye kura ya Bonds.

Baharia_Houston
Nuru hiyo ya Wendell Smith imenikaa. Lakini hata wazungu walirukwa, Babe Ruth hakupata asilimia 100, wa kwanza kuipata ni Mariano Rivera 2019. Jeter 2020 kakosa kura moja, Ichiro 2025 moja pia. Sasa huyo mmoja ni nani na sababu yake ni ipi, hatuambiwi!

Kaka_Jinja
Mimi nawaangalia kutoka Uganda, mnabishana kura na uwanja unabadilika. Mwaka 1991 Wamarekani weusi walikuwa kama asilimia 18 ya wachezaji wa ligi kuu, 2024 wamebaki 6. World Series, yaani fainali ya ligi, ya 2022 haikuwa na hata mchezaji mweusi mmoja aliyezaliwa Marekani, mara ya kwanza tangu 1950, na kocha wa Houston Astros walioshinda ni Dusty Baker, mzee mweusi. Weusi wa Dominican na Venezuela wapo wengi, wanasainiwa na miaka 16, kwa hiyo ukiangalia kwenye TV unadhani mambo shwari. Mtoto mweusi wa Marekani mzazi wake alipie timu za kusafiri, vifaa, hoteli, na chuo kwa miaka mingi kilikuwa na udhamini 11.7 tu wa kugawana timu nzima ya besiboli wakati futiboli ya kwao ilikuwa 85. Nani atachagua besiboli? Hapa kwetu Dodgers walisaini vijana wawili 2022, Ben Serunkuma na Umar Male, watoto waliojifunzia kwenye viwanja vya vumbi. Skauti wanafika Uganda, mtaani kwao Marekani hawaendi.

Mwanaidi_Oakland
Kaka Jinja hiyo ni kweli kabisa, huku East Bay viwanja vipo ila watoto wanaocheza ni wale wenye hela. Na waandishi wanaliandika hilo mara moja kwa mwaka, siku ya Robinson kila mtu akivaa 42, namba yake, kesho yake kimya.

Mzee_wa_Likoni
Marahaba Nuru. Baharia, kuhusu huyo mmoja asiyejulikana, waandishi wenyewe walipiga kura 2016 kwamba karatasi zote ziwe wazi, wengi mno wakakubali, bodi ya Hall of Fame ndiyo iliyokataa. Kwa hiyo kuna waandishi wengi wa heshima wanaoonyesha karatasi zao kwa hiari, na hao mimi nawasoma hata wakimkataa Bonds. Wanaojificha siwasomi.

Baharia_Houston
Basi barua yangu naiandikia bodi, si chama. Nuru, kuna pa kusoma makala za Wendell Smith zenyewe, zile za 1947?