Mteja anasema "nna aleji ya penisilini": nimuulize nini kabla ya kumpa dawa?

Muuza dawa, Wete
Asalamu alaykum. Hapa dukani haipiti siku bila ya mtu kuja na aleji yake: huyu penisilini, huyu salfa, huyu sindano ya maumivu. Wazee hawakumbuki ilikuwaje, na kadi za watoto zimeandikwa neno moja tu, "aleji". Nikiwaamini wote, mtoto wa masikio anaondoka na dawa ghali isiyomfaa. Nikimpuuza mmoja, huenda huyo ndiye. Maswali gani yanatenganisha mzio wa kweli na mengineyo? Na akianza kuvimba midomo mbele yangu, nifanye nini?

Mfamasia, Mjini
Wa alaykumu salaam kaka. Anza na saa kabla ya dalili: ilianza muda gani baada ya kumeza au kuchomwa?

Mzio wa haraka kwa kawaida huja ndani ya saa moja, mara chache hadi saa sita. Ngozi inatoa mabonge yanayowasha na kuhamahama, sasa mkononi, baadaye mgongoni. Midomo au kope zinavimba, kifua kinapiga mluzi, anatapika ghafla au anaona kiza. Huyo usimpe penisilini ya aina yoyote. Tena usidanganyike na jina la paketi: amoksilini, Ampiclox, Augmentin na sindano ya benzathini ni ukoo mmoja.

Wa pili ni yule wa siku ya tano mpaka ya kumi. Vipele vidogo kama vya surua, mtoto mwenyewe anacheza na anakula. Mara nyingi aliyevileta ni kirusi kilekile kilichompa homa, na amoksilini ikabebeshwa lawama. Dawa aiache kwa sasa, aonekane na daktari, lakini asifungiwe penisilini maisha.

Kuharisha kwa Augmentin, kichefuchefu na ladha ya chuma ya Flagyl, hayo ni maudhi ya dawa. Hali kadhalika mtoto aliyeumwa na tumbo au kichwa baada ya dawa za kichocho za skuli: praziquantel huleta hayo, na zaidi kwa mwenye minyoo mingi, kwani minyoo inapokufa mwili unaijibu.

Watu wanaojiita wenye aleji ya penisilini, wakipimwa vizuri, karibu tisa katika kila kumi huonekana wanaweza kuitumia. Hata waliokuwa nayo kweli, wengi huwatoka: baada ya miaka 10 kiasi cha wanane katika kumi hawana tena. Lakini hilo la kuhakikisha ni kazi ya hospitali. Usimjaribu mtu kaunta.

Muuguzi, Chake Chake
Najibu la midomo kuvimba, maana hapa ndipo watu wanapokosea mpangilio. Piriton na haidrokotisoni si dawa ya kwanza. Piriton inatuliza mwasho tu, haifungui koo wala haipandishi presha. Haidrokotisoni inachukua masaa. Dawa ni adrenalini, ampuli ya 1 ml yenye 1 mg, kwenye msuli wa paja, upande wa nje katikati. Hata juu ya nguo inachomwa.

Chini ya miaka 6: 0.15 ml. Miaka 6 hadi 12: 0.3 ml. Zaidi ya hapo na watu wazima: 0.5 ml. Dakika tano zikipita hajapata nafuu, rudia dozi ileile. Bomba la insulini lisitumike: sindano yake fupi, dawa inabakia chini ya ngozi, na alama zake ni za yuniti.

Kama duka lako haliruhusiwi kuchoma, mlaze chali, miguu juu, upige simu kituo cha afya waanze kutayarisha. Akishindwa kupumua akae, miguu ameinyoosha. Mjamzito alale ubavu wa kushoto. Kosa kubwa ni kumsimamisha atembee hadi kwenye gari: presha iliyokwisha kushuka inaporomoka na moyo unaweza kusimama palepale. Abebwe. Na akipata nafuu asirudi nyumbani mara moja, dalili huweza kurudi baada ya masaa.

Mchangiaji, Mkoani
Kwani si mtu anachomwa tone la dawa hiyo chini ya ngozi, wakisubiri robo saa wanajua?

Daktari, Unguja
Tone lisilochanganywa kwa kipimo, bila ya tone la maji ya chumvi na la histamini (kemikali inayovimbisha ngozi ya kila mtu) pembeni ya kulinganishia, halisemi kitu. Ngozi ya wengine huvimba kwa kuchomwa tu, na aliyekunywa setirizini, dawa ya kutuliza mzio, wiki hiyo huonekana mzima ilhali si mzima. Hata lisipovimba, huo sio ushahidi wa kutosha. Kinachotoa jibu ni kumeza dawa yenyewe hospitalini, adrenalini ikiwa mezani: sehemu ya kumi ya dozi, nusu saa ya kusubiri, kisha iliyobaki na kumwangalia saa moja au mbili. Tunawachagua wale wa vipele vyepesi vya zamani. Aliyewahi kutoka malengelenge, vidonda mdomoni au ngozi kuchubuka, huyo hajaribiwi abadani.

Muuza dawa, Wete
Shukran sana. Na wa salfa? Mama mjamzito mmoja amekataa vidonge vya damu kwa sababu vimeandikwa "salfeti".

Daktari, Unguja
Salfeti si salfa. Ferasi salfeti, sindano ya magnesi ya kifafa cha mimba, salbutamoli ya pumu, zote anaweza. Akimbie Septrin na SP, ile ya malaria. Hizi mbili ndizo za kuogopa kwa ngozi, pamoja na nevirapini ya VVU, karbamazepini ya kifafa na alopurinoli ya gauti, na huanza taratibu, hata wiki ya kwanza hadi ya nne. Ngozi ikiuma kuliko kuwasha, macho mekundu, homa, kinywa kimechubuka: aache dawa na aende hospitali siku hiyohiyo.

Kuna na yule anayetoka doa jeusi la mviringo, mdomoni au sehemu za siri, palepale kila akimeza Septrin. Nao ni mzio. Apewe nyingine tu.

Mfamasia, Mjini
Kwenye kadi usiandike "aleji". Andika hivi: "Septrin, kidonge cha siku ya 9, malengelenge mdomoni, alilazwa." Jina la dawa, siku, dalili, alitibiwaje. Mama aipige picha ngozi ya mtoto siku ileile, na paketi ya dawa asiitupe.