Chai ya viungo iliyokuharibikia: tupeane uzoefu

Mkwaruza Tangawizi
Asubuhi hii maziwa yamenikatikia sufuriani, nikaikumbuka siku wakwe walipokuja kwangu mara ya kwanza. Nilikuwa nimejipanga. Iliki nimeitwanga, mdalasini nimeuvunja, karafuu tatu, tangawizi mbichi nimeikwaruza pale pale. Nikaitia kwenye maziwa baridi, moto mdogo, ili viungo vitoe harufu taratibu. Kidogo nikaona mabonge meupe yanaelea, maji ya manjano yamejitenga pembeni. Maziwa mengine sina na wageni wameshakaa. Nikachuja kwa kitambaa mara tatu, nikapeleka. Mama mkwe akanywa funda moja, akakiweka kikombe chini polepole, akaniuliza habari za kazini. Hakukigusa tena. Nani mwingine yamemkuta?

Iliki Mbili
Mimi. Tena mara mbili.

Fundi wa Birika
Pole sana. Kilichokuponza ni huo moto mdogo. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachoivunja protini ya maziwa, na joto la katikati ndilo kinalolipenda, nyuzi 60 hivi. Ulikipa nafasi ya kufanya kazi. Ianze tangawizi kwenye maji matupu, itokote dakika tano, kimeng'enya kife. Maziwa yafuate.

Jiko la Nyuma
Mimi naitia mwisho kabisa, maziwa yakiwa yanatokota, na hayajawahi kukatika. Hayo yako yalikuwa yamelala.

Mkwaruza Tangawizi
Hayakulala. Niliyapokea asubuhi ile ile.

Fundi wa Birika
Hata kwenye maziwa yanayotokota inakubali, maana joto linakiua mara moja. Ila ladha inabaki juu juu, haijaingia kwenye chai.

Chujio Kuukuu
Mnahangaika na tangawizi, na majani je? Kuna watu wanayatokosa nusu saa, chai inakausha ulimi kama umelamba ganda la mti. Majani yangu hayazidi dakika nne, naepua, nachuja.

Jiko la Nyuma
Dakika nne kwenye maziwa hupati kitu. Maziwa yanaupunguza ukali wa majani, ndiyo maana chai hii inataka kutokota.

Chujio Kuukuu
Unatumia majani gani? Ya punjepunje yanatoka kwenye mashine za CTC (kwa Kiingereza crush, tear, curl, yaani ponda, chana, viringisha) zilizoanza miaka ya 1930, yanakatwakatwa na kuviringishwa hivyo ili yatoe rangi upesi. Ukiyatokosa unajiharibia mwenyewe. Majani marefu ndiyo yanayohitaji muda.

Jiko la Nyuma
Nyumbani kwangu wanakunywa na wanaongeza. Sibadilishi.

Mama wa Pacha
Naomba niseme langu, maana habari ya moto mdogo imenigusa. Nilibandika chai ya maziwa kwenye jiko la gesi, viungo vimeshatokota, majani nimetia, nikaongeza maziwa lita moja kwenye sufuria isiyo na nafasi. Pacha mmoja akalia chumbani, nikaenda. Mwenzake nilimwacha amelala kwenye godoro dogo sakafuni, hatua chache tu kutoka jikoni. Nikambembeleza yule, usingizi ukanipitia. Nilichoshtukia ni harufu. Kwanza nikadhani karafuu zimeungua. Nilipofika mlangoni nikakuta maziwa yamefurika, yamezima moto, na gesi inatoka tu, inafoka. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, na mwanangu yuko chini. Sikuwasha taa, sikugusa swichi yoyote. Nilimbeba kwanza, nikamtoa nje na mwenzake, nikarudi nimeziba pua, nikafunga mtungi na kufungua madirisha yote. Mikono ilinitetemeka hadi jioni.

Iliki Mbili
Mungu wangu. Mtoto alikuwaje?

Mama wa Pacha
Alikuwa amelegea kidogo, nikakimbia naye hospitali. Walimwangalia saa kadhaa, akaruhusiwa. Sasa anakimbia nyumba nzima.

Mkwaruza Tangawizi
Dada, mkwe na kikombe chake nimewasahau kabisa.

Fundi wa Birika
Maziwa yanafurika kwa sababu yakipata moto yanafanya utando juu, mvuke unanaswa chini yake, povu linapanda kwa mkupuo. Laza mwiko wa mbao juu ya sufuria, unalivunja povu.

Chujio Kuukuu
Mwiko unachelewesha tu. Mweleze asimame pale pale, na sufuria isivuke nusu.

Jiko la Nyuma
Hapo nakubaliana na wewe. Kuna majiko yenye kifaa kinachokata gesi moto ukizimika. Ukinunua jingine, kiulizie hicho kabla ya kuuliza bei.

Iliki Mbili
Na tukirudi kwenye chai, msitunze majani kabati moja na sabuni. Yananyonya harufu. Nilikunywa chai ya sabuni wiki nzima nikilaumu iliki.

Mkwaruza Tangawizi
Nimepika tena sasa hivi. Tangawizi kwenye maji dakika tano, maziwa, kisha majani. Hayajakatika. Ila mdalasini wa unga umefanya chai iteleze kooni.

Fundi wa Birika
Tumia vijiti. Unga wa mdalasini ukilowa unavuta kama uji.

Iliki Mbili
Mama wa Pacha, sufuria ile uliitupa?

Mama wa Pacha
Ninayo. Imebaki na duara la kahawia chini, nimelisugua kwa majivu halitoki. Ndiyo ninayopikia chai mpaka leo, na nikiibandika siondoki.